Sababu Tatu Nilizozibuni

Vijana wangu, kabla hamjaniuliza siri ya kazi hii, nisikilizeni kidogo. Nimeifanya miaka mingi. Kwanza nilikuwa mchumi wa wizara, halafu nikawa mtu wa kutafuta wapi pa kuwekeza: barabara, umeme, maji, taka. Mradi wangu uliofanikiwa kuliko yote ni kituo cha kupokelea tope la vyoo, pembezoni mwa Kampala. Watu wanakisifu, wageni wanaletwa kukiona, wanapiga picha huku wameziba pua. Na mimi niliyekisimamia tangu kilipokuwa mchoro, mpaka leo sijui kwa nini kilifanikiwa. Sijifanyi mnyenyekevu. Kweli sijui.

Mradi wangu ulioshindwa kuliko yote ni ndugu yake, kituo cha pili, tulichokijenga kwa kufuata kila kitu kilichokifanya cha kwanza kifanikiwe. Kwa nini kilishindwa, hilo nalo sijui. Kwa hiyo mkija kwangu kutafuta hekima, mtakunywa chai, mtakula mandazi, na mtaondoka na maswali yenu pamoja na yangu.

Mimi ni Mnubi. Baba alikuwa dereva wa polisi na nililelewa kambini, ambako Kiswahili ndicho kilichotufanya majirani. Kushoto kwetu alikaa Muacholi, kulia Mteso, na nyuma yetu Mganda mmoja mwema sana ambaye alichanganya r na l hivi kwamba akija mlangoni hatukujua kama anaomba kula au anaomba kura. Nilipoingia chuo kikuu nikapanga hosteli Wandegeya, nikaishi kwa chapati za mayai na fotokopi za vitabu vya watu wengine, na Kiswahili changu nikakificha. Wasomi wa Kampala walizungumza Kiingereza, wakikasirika walizungumza Kiganda. Kiswahili kilikuwa cha askari. Sikujua kwamba siku moja ndicho kitakachonipandisha kwenye gari ambalo shahada zangu zote hazikuweza kunipandisha.

Wizarani kazi yangu ilikuwa kutabiri. Mchumi wa wizara ana raha moja: akikosea, anaandika ripoti nyingine kueleza kwa nini alikosea, na hiyo nayo inahesabiwa kuwa kazi. Niliandika ripoti nyingi za namna hiyo. Kisha nikaitwa na kampuni ya uwekezaji iliyokuwa na ofisi Nakasero, ghorofa ya juu. Mkurugenzi wake alikuwa Bwana Tumwine, mtu mfupi, mpole, asiyesoma ripoti. Wiki yangu ya kwanza nilimpelekea kurasa sitini. Alizipima uzito mkononi, akaziweka mezani, akaniuliza:

“Zaituni, nani ataamka asubuhi aje kukitumia kitu hiki?”

“Kaya za kipato cha chini, na watoa huduma wadogo,” nikamjibu.

“Hilo ni jina la mtu?”

“Hapana.”

“Nipe jina la mtu.”

Akanirudishia kurasa zangu. Nilikaa dirishani nikitazama chini, wanawake sokoni wakipanga nyanya na karoti, nikajiuliza kama nimekosea kuacha wizara. Pale hakuna aliyewahi kuniuliza jina la mtu.

Sasa kuhusu kituo. Nyumba nyingi za Kampala hazina bomba la maji machafu. Zina choo cha shimo au tangi chini ya ardhi, na likijaa huitwa gari lenye pampu, linanyonya, linakwenda kumwaga linakoruhusiwa. Mimi nilichora ramani. Upande mmoja wa mji ulikuwa umejaa nyumba, na magari yake yalivuka mji mzima kwenda kumwaga upande wa pili, katika msongamano ambao mnaujua. Nikapendekeza tujenge kituo huku huku. Tope likaushwe kwenye vitanda vya matofali, kisha wakulima walinunue kama mbolea na wachomaji wa matofali walinunue kama kuni. Dereva ataokoa zaidi ya nusu ya safari. Hesabu ilikaa sawa kila upande nilipoigeuza. Ningekuwa na akili, ningeogopa hapo hapo.

Tulifungua kwa mahema na viti vyeupe. Sheikh aliomba, padri akaomba, na gari la kwanza likaingia limefungwa utepe wa rangi kama linakwenda kumchukua bibi harusi. Kesho yake yakaja magari matatu. Wiki ya pili likaja moja. Wiki ya tatu nilimpigia simu mlinzi wa getini.

“Leo vipi?”

“Leo afadhali, madam. Imekuja gari moja.”

“Limemwaga?”

“Hapana. Ilikuwa imepotea njia. Iligeuza.”

Nikafanya alichofundishwa kila mchumi: nikashusha bei. Hakuna aliyekuja. Nikaondoa bei kabisa, kumwaga bure wiki mbili. Basi hata wale waliopotea njia wakaacha kupotea. Nilikaa ofisini na ile ramani yangu, nikaichunguza kama mtu aliyeibiwa nyumbani kwake na mlango bado umefungwa. Umbali ni mfupi, bei ni sufuri, na watu hawaji. Katika vitabu vyangu vyote hapakuwa na ukurasa wa jambo hilo.

Bwana Tumwine hakufoka. Aliniambia tu, “Nenda ukapande hilo gari.”

Madereva wa magari hayo wana mahali pao pa kuegesha, wakisubiri simu za wateja. Nilikwenda nimevaa viatu vya ofisini, nikazungumza Kiingereza cha ofisini. Wakanionyesha mwenyekiti wao, Afande Okello, sajini mstaafu wa jeshi, mrefu, mwenye ndevu za mvi. Alikuwa ameegemea gari lake akichokonoa meno.

“Nyabo,” akasema, kwa heshima ile ya Kiganda inayotumika kumfukuza mama wa watu, “hii gari si ya wanawake.”

Nikamjibu kwa Kiswahili cha kambini, kile cha baba: “Afande, mimi nimekalia mapaja ya madereva wa polisi kabla meno yangu hayajaota. Fungua mlango.”

Akaacha kuchokonoa meno. “Aah! Mtoto wa kambi!” Akawaita wenzake. “Kuja muone! Huyu mama ni mtoto wa kambi!” Akafungua mlango, akapangusa kiti kwa kofia yake.

Ilikuwa Jumatatu asubuhi. Kumbukeni hili kama mtafanya kazi hiyo: Jumatatu asubuhi magari yote huwa Kabalagala, kwa sababu mabaa yamejaza matangi yake tangu Ijumaa na wenye mabaa hawataki wateja wa jioni wajue. Tulinyonya tangi la baa moja, kazi rahisi, majimaji matupu. Kisha tukashuka bondeni kwenye vyumba vya kupangisha, mlango kwa mlango, vyumba kumi na choo kimoja. Hapo ndipo nilipojifunza kwamba nilikuwa sijui chochote kuhusu bidhaa yangu mwenyewe. Tope la choo likikaa miaka huwa zito kama posho, ule ugali wetu, iliyolala, pampu inalia na hakuna kinachopanda. Afande na utingo wake, mtu mzima mwenzake aitwaye Musa, wakamwaga maji, wakakoroga kwa mti mrefu, kisha wakachukua chuma chenye ndoana wakaanza kuvua. Zilitoka nguo, chupa, nepi, kandambili, simu mbili, na ripoti za shule zilizokunjwa vizuri ndani ya mfuko wa plastiki.

“Hizi kila mwisho ya muhula tunatoa,” Musa akaniambia. “Mtoto amefeli, baba anaambiwa mwalimu hajatoa ripoti.”

Hesabu zangu zilichukulia kwamba chooni mna kile ambacho choo kimechimbiwa. Karibu nusu ya shimo lile ilikuwa takataka.

Gari lilipojaa nikasema, “Afande, sasa twende kituo chetu.”

Akanitazama. “Kale,” akasema, ile “sawa” ya Kiganda, “twende uone.”

Kwenye ramani yangu barabara ya kituoni ilikuwa mstari mwekundu, mfupi, umenyooka. Ardhini ilikuwa kilima cha udongo mwekundu. Gari lilipanda likiguna, katikati ya mlima likasimama, likaanza kurudi nyuma polepole na mzigo wake wote. Musa akaruka, akasukuma gogo nyuma ya gurudumu.

“Mama, shuka,” Afande akasema bila kugeuza kichwa. “Punguza uzito.”

Nikashuka. Nilipanda kilima chote kwa miguu, viatu vya ofisini mkononi, nyuma ya gari la tope lililokuwa likidondosha kila lilipotikisika. Juu, mlinzi wetu akatoka kibandani na sare yake iliyopigwa pasi, akafungua daftari, akaandika namba ya gari.

“Unaona huyo?” Afande akasema. “Anaandika namba. Namba ikiandikwa na mtu ana yunifomu, mwisho yake ni korti. Na nyinyi mkasema ati kumwaga ni bure! Serikali gani inaita watu bure?”

“Sisi si serikali, Afande.”

“Hayo nitasema kwa korti?”

Mchana walikula wamesimama ubavuni mwa gari, viazi kwenye kaveera, ile mifuko myepesi ya plastiki. Nikauliza kwa nini tusiende kukaa hotelini kama watu. Musa akanusa bega lake, akacheka, akaendelea kula.

Nilirudi ofisini nimejua kila kitu, au ndivyo nilivyoamini. Tukashindilia mawe barabarani na kuchimba mtaro. Tukalichukua daftari la mlinzi. Nikangoja. Mwezi mzima yakaja magari machache, nadhani ya watu walionihurumia. Nilichanganyikiwa kuliko mwanzo, maana mwanzo nilikuwa sijui, na sasa nilikuwa najua na haisaidii.

Wakati huo alikuja Hadija, mjane wa Kinubi aliyewahi kuwa jirani yetu kambini, akaomba kupika pale getini. Alitaka kuwapikia wafanyakazi wa kituo waliokuwa wakilalamika njaa, wala hakuwa na habari ya madereva. Nikamruhusu bila kufikiria mara mbili. Akaweka jiko, benchi mbili na turubai, akawa anapika katogo, ndizi na matumbo katika sufuria moja, kama anavyopenda mtu wa Kampala asubuhi. Pembeni palikuwa na bafu tulilowajengea wafanyakazi.

Siku moja mvua ilifunga barabara ya kwenda kule upande wa pili wa mji na Afande Okello akaja kumwaga kwetu kwa kukosa pa kwenda. Nilikuwapo. Alimaliza kumwaga, akaona bafu, akauliza kama kuna mwenyewe. Akaoga. Akatoa shati safi chini ya kiti, akalivaa, akaketi kwenye benchi. Hadija akamletea birika na beseni, akamnawisha mikono kama mgeni wa Idi, kisha akamwekea sahani. Afande aliitazama sahani muda mrefu kabla hajala. Kesho yake akaja tena, na Musa, na magari mawili nyuma yao.

Baada ya miezi miwili foleni ilifika chini ya kilima.

Najua mnachofikiri. Mnafikiri mmekwisha kuelewa, na kwamba Bi Zaituni anajifanya haelewi ili hadithi iwe ndefu. Ngojeni. Miezi hiyo hiyo barabara ya kule wanakomwaga siku zote ilikuwa ikichimbuliwa. Mafuta yalipanda bei, kwa hiyo safari fupi ikawa na thamani kuliko zamani. Madereva walikuwa wamegombana na wenye magari na kukubaliana upya. Tena kulikuwa na uvumi, nimeusikia kwa masikio yangu, kwamba gari linalomwaga kwetu asubuhi hupata wateja watatu kabla ya adhuhuri. Mnijibu: ni lipi kati ya hayo?

Nilimuuliza mwenyewe.

“Afande, kwa nini sasa mnakuja?”

“Tunakuja tu.”

“Lakini kwa nini?”

Akaweka kikombe chini. “Mama, tulipokuwa hatuji, uliuliza kwa nini. Sasa tunakuja, unauliza kwa nini. Unataka tufanye nini?”

Bwana Tumwine alicheka mpaka akavua miwani nilipomsimulia. “Basi usiguse kitu,” akasema. “Kitu usichokielewa na kinakwenda, usikiguse.” Ulikuwa ushauri bora niliowahi kupewa, na niliufuata mpaka alipostaafu.

Aliyekuja baada yake alikuwa mtu wa haraka. Wenye fedha zao walikuwa wamefurahi na walitaka kituo cha pili, na bodi ilitaka maelezo ya kwa nini cha kwanza kimefaulu. Niliandika kwa ukweli: mambo mengi yametokea kwa pamoja na hatuwezi kuyatenganisha. Karatasi ilirudi mezani kwangu na mstari mmoja wa kalamu nyekundu: hii haiwezi kusomwa mbele ya bodi.

Nilikaa nayo siku mbili. Ningeweza kukataa. Sikuwa na watoto wa kusomesha tena wala kodi ya nyumba, hakuna aliyenishikia kisu. Lakini mtu akishazoea kuitwa mtaalamu, neno “sijui” linamkwama kooni. Nikaandika sababu tatu. Barabara iliyoshindiliwa. Namba za magari kutoandikwa. Bafu na chakula. Nikazipanga kwa umuhimu, moja hadi tatu, ingawa mpangilio huo niliutoa kichwani nikiwa nakunywa chai. Bodi ilipiga makofi. Na la ajabu zaidi, nilipofika mwisho wa kusoma, mimi mwenyewe nilikuwa nimeamini.

Sitalitaja bonde tulipokijenga cha pili. Wenyewe bado wanaishi pale. Sehemu ya ardhi ilikuwa kibanja, kipande cha shamba na makazi, cha mama mmoja aliyeitwa Nalongo, jina wanaloitwa waliozaa mapacha. Alikuwa na umri wa mama yangu. Aliishi pale tangu alipoolewa, na migomba yake ilianzia mlangoni ikashuka mpaka karibu na chemchemi. Alikuwa hapendi Kiswahili hata kidogo. “Hiyo lugha ni ya watu wanaovunja milango,” aliniambia, kwa hiyo tulizungumza Kiganda, na kama ninamsimulia hapa kwa Kiswahili, anisamehe.

Fidia yake ilikuwa ya haki na aliikubali. Siku ya kutia saini alinishika mkono, akaniuliza swali moja tu.

“Mwanangu, una uhakika hayo magari yatakuja?”

“Nina uhakika, Nalongo.”

Akaweka dole gumba kwenye wino. Wiki iliyofuata migomba ilikatwa.

Tulijenga vizuri, hamtapata makosa katika ujenzi ule. Barabara ya lami mpaka getini, bila kilima. Bafu lenye vigae na maji ya moto. Hakuna daftari wala mtu wa sare. Hadija mwenyewe nilimwomba aje afungue jiko la pili, akaacha la kwanza kwa dada yake.

Magari hayakuja.

Yalikuja ya ufunguzi, yakaja mawili matatu ya kujaribu, basi. Nilingoja miezi, maana cha kwanza pia kilichelewa. Nikapanda tena gari la Afande Okello, siku tatu mfululizo, na viatu vya maana safari hii. Kila gari likijaa nilimuuliza, na kila mara aligeuza usukani kuelekea kituo cha zamani, hata tulipokuwa karibu zaidi na kipya.

“Afande, kule kuna nini kibaya?”

“Hakuna kitu mbaya.”

“Barabara?”

“Barabara ni muzuri sana.”

“Chakula je? Hadija ni yule yule.”

“Hadija ni dada yetu.” Akafikiri kidogo, na naamini alikuwa akijaribu kwa moyo wote kunisaidia. “Mama, ile mahali… haiko. Inakosa kitu. Lakini ukiniuliza kitu gani, nitakudanganya.”

Yeye alikataa kunidanganya. Niliikumbuka karatasi yangu ya bodi na nikatazama nje ya dirisha mpaka tulipofika.

Hadija alivumilia miezi minne, akafunga jiko. “Dada Zaituni,” akaniambia, “kuku wa majirani wananenepa na mimi nakonda. Narudi.”

Nilimkwepa Nalongo miaka miwili. Nilikuwa na safari, nilikuwa na vikao, nilikuwa na magoti mabaya. Mtu akitaka kukwepa hakosi sababu tatu. Halafu, mwaka wangu wa mwisho kazini, nilikwenda. Alikuwa amejenga nyumba ng’ambo ya bonde, na kutoka kibarazani kwake ule ukuta wetu mweupe na vitanda vyake vikavu vilionekana vyote. Alikuwa ameketi kwenye mkeka akimenya maharage mabichi. Nilipiga magoti kumsalimia kama inavyotakiwa, tukaulizana habari za nyumba zote mbili mpaka zikaisha. Kisha akasema:

“Magari hayakuja.”

“Hayakuja, Nalongo.”

“Naona, nina macho. Nauliza kwa nini.”

Majibu yalikuwa tayari mdomoni, matatu, kwa umuhimu.

“Sijui,” nikasema.

Akaendelea kumenya.

“Na siku ile niliyokuuliza?”

“Siku ile pia nilikuwa sijui.”

“Ulisema una uhakika.”

“Nilisema.”

Nilingoja anifukuze. Ningeondoka bila neno. Badala yake alisukuma nusu ya maharage upande wangu wa mkeka, na nikaanza kumenya, maana sikujua la kufanya zaidi ya hilo. Baada ya muda akasema, “Watu wa ofisi yenu wamekuja hapa mara nyingi. Mmoja alijua ni mvua. Mwingine alijua ni madereva wavivu. Mmoja alinieleza ni sisi, ati tuna wivu. Wote walijua. Nilikuwa nimechoka na wanaojua.”

Hakusema amenisamehe, nami sikuuliza. Nilipokuwa nikiaga ndipo aliposema anachotaka. Ukuta wetu ulikuwa umekata njia ya kwenda chemchemi. Zamani watu wa upande huu walipita kati ya migomba yake, sasa wanazunguka ukuta mzima na madumu ya maji kichwani. Alitaka mlango upande huu na mlango upande ule, ili watu wapite ndani.

Nilikuwa nimekwenda pale mara nyingi, nikiwa na wapima ardhi na michoro. Kwenye michoro hiyo njia ile haikuwapo, na mimi sikuwahi kuiona.

Vijana, bodi yetu iliidhinisha kituo kizima kwa kikao kimoja. Milango miwili ya bati ilichukua vikao vinne. Waliniuliza usalama utakuwaje. Waliniuliza ni watu wangapi watapita, na nikasema sijui. Waliniuliza kama nina uhakika watapita, na nikasema sina, lakini njia ilikuwa yao na sisi ndio tuliowazibia. Mkurugenzi aliinamia karatasi zake. Nadhani waliidhinisha kwa sababu walikuwa wamechoka na mimi na walijua nastaafu. Hiyo ndiyo kazi yangu ya mwisho katika uwekezaji wa miundombinu: milango miwili, bawaba sita, rangi ya kijani.

Mwaka huu nilikwenda kuiangalia. Nilikaa kwenye jiwe nje ya mlango wa juu asubuhi nzima. Wanawake walipita, wanafunzi walipita, mwanamume mmoja akapita na mbuzi. Vitanda vyetu vya kukaushia tope walikuwa wamevipanda maboga, na hakuna aliyewakataza. Nilifurahi, siwafichi, karibu nilie.

Kisha nikamwona Nalongo akipanda kutoka chemchemi na dumu dogo mkononi. Alifika kwenye mlango wa chini, mlango alioutaka yeye mwenyewe, ukiwa wazi mbele yake. Akaupita bila kuingia. Akafuata ukuta kwa nje, akizunguka, polepole, kona ya kwanza, kona ya pili, mpaka akanifikia akihema.

“Nalongo,” nikamwambia, “si mlango huo?”

“Nimeuona.”

“Umefungwa?”

“Uko wazi.”

“Sasa mbona umezunguka?”

Akaliweka dumu chini, akanitazama kama mimi ndiye niliyefanya jambo la ajabu. “Nimepita huku tu,” akasema.

Nilifungua mdomo kuuliza kwa nini, nikaufunga. Nikalichukua dumu lake, na kwa kuwa nyumba yake ilikuwa bado mbali, na yeye hakuonyesha kuwa na haraka, nikamfuata alikopita.